Matengenezo ya kwanza ya gari la 4x4 lililotumika

Matengenezo ya kwanza ya gari la 4x4 lililotumika ni kazi za ukaguzi, ubadilishaji wa vimiminika na vipuri, na baadaye uboreshaji, zinazofanyika mara baada ya kununua gari la mtumba lililoundwa kwa ajili ya barabara mbovu na njia zisizo na lami. Lengo lake ni kulirudisha gari katika hali inayojulikana. Mnunuzi hajui oili ilibadilishwa lini, mkanda wa injini una umri gani, wala kama gari liliwahi kuzamishwa mtoni. Uboreshaji, kwa mfano springi ndefu, matairi makubwa au winchi, hufuata baada ya hapo, na mara nyingi unaohitajika ni mdogo kuliko mnunuzi alivyodhani siku ya kwanza.

Makala hii inatumia zaidi mfano wa Toyota Land Cruiser Prado, gari linaloonekana sana Afrika Mashariki. Kanuni ni zilezile kwa Mitsubishi Pajero, Nissan Patrol, Toyota Hilux Surf au Land Rover, ila namba za vipimo hutofautiana.

Asili ya magari haya

Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Kenya, Tanzania na Uganda hutoka Japani kupitia bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Nchi hizo huendesha upande wa kushoto kama Japani, hivyo usukani wa kulia hauleti shida. Rwanda, Burundi na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huendesha upande wa kulia. Kenya hairuhusu kuingiza gari lenye umri wa zaidi ya miaka 8. Uganda, kwa sheria ya mwaka 2018, ilizuia magari yenye miaka 15 au zaidi. Tanzania hutoza ushuru wa ziada kwa magari ya zamani badala ya kuyakataza.

Prado nyingi za mtumba zinazouzwa leo ni za vizazi vitatu: J90 (1996–2002), J120 (2002–2009) na J150 (2009–2023). Sheria ya Japani ya mwaka 2001 kuhusu moshi wa magari ilizuia usajili wa dizeli za zamani katika maeneo ya miji mikubwa kama Tokyo, Osaka na Nagoya. Hiyo ni sababu mojawapo ya dizeli nyingi kuuzwa nje zikiwa bado na nguvu.

Gari la Japani halina namba ya chasisi ya tarakimu 17 kama magari ya Ulaya. Lina namba fupi inayoanza na msimbo wa modeli, na msimbo huo unafaa kujulikana kabla ya kwenda dukani. Katika KZJ95W, herufi KZ ni familia ya injini, J ni Land Cruiser, 95 ni kizazi cha J90 chenye milango mitano, na W ni gari la abiria lililofunikwa hadi nyuma. KDJ120W ni J120 ya dizeli, TRJ120W ni petroli ya lita 2.7, GRJ120W ni petroli ya lita 4.0. Katika maduka ya vipuri ya Gerezani jijini Dar es Salaam au Kirinyaga Road jijini Nairobi, mteja anayetaja namba hii hupata kipuri sahihi upesi kuliko anayesema tu "Prado ya zamani".

Kusoma historia ya gari

Kazi ya kwanza haihitaji spana. Gari lililopita mnadani Japani huwa na karatasi ya mnada yenye gredi. Gredi 4 au 4.5 ni gari zuri kwa umri wake, na herufi R ni gari lililopata ajali na kutengenezwa. Gari la R si lazima liwe baya, ila chasisi yake ikaguliwe kwa makini zaidi.

Karatasi ya mnada ikiwa imepotea, gari lenyewe bado lina kumbukumbu. Gereji za Japani hubandika stika ndogo kwenye fremu ya mlango au chini ya boneti kila zinapobadilisha oili au mkanda wa taimingi, zikiandika kilomita na tarehe. Tarehe hizo mara nyingi hufuata miaka ya wafalme wa Japani: herufi H ni Heisei na R ni Reiwa. Kupata mwaka wa kawaida, Heisei huongezwa 1988 na Reiwa huongezwa 2018. Kwa hiyo H20 ni mwaka 2008, na R3 ni mwaka 2021. (R ya stika isichanganywe na R ya mnada.)

Stika hizo hufichua pia udanganyifu. Ikiwa stika inasema oili ilibadilishwa kwenye kilomita 168,000 na dashibodi inaonyesha 92,000, kihesabu kilomita kimerudishwa nyuma. Dalili nyingine ni pedali ya breki iliyolika mpira, usukani ulioparara na kiti cha dereva kilichobonyea kwenye gari linalodaiwa kuwa limetembea kidogo.

Chini ya gari hutazamwa kutu. Magari yaliyotumika Hokkaido na kaskazini mwa kisiwa cha Honshu hupita kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, na chumvi hiyo hula chasisi kutoka ndani. Rangi nyeusi iliyopulizwa juzi chini ya gari lote ni jambo la kutia shaka, si la kusifia. Chasisi hugongwa kwa nyundo ndogo hasa karibu na mshikio wa springi za nyuma: chuma kizima hulia, kilichooza hutoa sauti ya kufa.

Vimiminika vyote

Kwa kuwa hakuna uhakika wa lini vilibadilishwa, vimiminika vyote hubadilishwa mara moja. Gharama yake ni ndogo ikilinganishwa na giaboksi moja, na kila tone linalotoka hueleza jambo.

Injini za dizeli za lita 3.0 za Prado (1KZ-TE na 1KD-FTV) huchukua takriban lita 7 za oili pamoja na filta. Baada ya oili kuna giaboksi, transfa (giaboksi ndogo inayogawa nguvu mbele na nyuma) na difu mbili, ya mbele na ya nyuma. Hizi husahaulika sana. Kuna magari yaliyobadilishiwa oili ya injini kila baada ya miezi michache kwa miaka kumi bila difu kufunguliwa hata mara moja.

Kabla ya kufungua nati ya chini ya kumwagia, fundi hufungua kwanza nati ya juu ya kujazia. Nati ya juu ikigoma baada ya oili kumwagika, gari haliwezi kuondoka hapo lilipo. Nati ya chini mara nyingi ina sumaku. Unga mwembamba wa kijivu juu yake ni ulikaji wa kawaida, lakini vipande vinavyoweza kushikwa kwa vidole ni meno ya gia. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imechanganyika na maji.

Difu kwa kawaida hutumia oili ya daraja la GL-5, ilhali baadhi ya giaboksi za mkono huhitaji GL-4 kwa sababu zina sehemu za shaba nyeupe zinazoweza kudhuriwa na viungo vya oili nyingine. Giaboksi za otomatiki zina masharti makali zaidi. Toyota T-IV na WS ni oili mbili tofauti, hazibadilishani, na aina inayotakiwa hutegemea modeli na mwaka. Katika giaboksi isiyo na kijiti cha kupimia, kiwango hupimwa injini ikiwaka na oili ikiwa katika joto lililotajwa na mtengenezaji. Fundi asiyekuwa na njia ya kupima joto hilo asiiguse.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu kutoka hewani hata gari likiwa limeegeshwa, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka 2 hivi bila kujali kilomita. Yenye maji huchemka mapema. Kwenye mteremko mrefu kama wa Kitonga mkoani Iringa, au ule wa Mai Mahiu nchini Kenya, breki hupata joto kali, mvuke hutokea ndani ya mabomba, na pedali huzama hadi chini bila gari kusimama. Pedali ikipoa hurudi kuwa ngumu, hivyo gereji inaweza isione kosa lolote.

Filta ya dizeli hubadilishwa pia, na maji yaliyokusanyika chini yake humwagwa. Filta ya hewa hutazamwa hata ikiwa safi: kama kingo zake zimepitisha vumbi jekundu, vumbi hilo limeshaingia kwenye turbo na silinda.

Mkanda wa taimingi

Hiki ndicho kipuri kimoja kinachoweza kuua injini nzima kwa sekunde moja. Mkanda huu wa mpira huunganisha krenki na shafti inayofungua vali. Ukikatika katika injini ya dizeli, pistoni hugonga vali zilizobaki wazi.

Si kila injini inao. Katika Prado, 1KZ-TE, 1KD-FTV na petroli ya 5VZ-FE (lita 3.4) zina mkanda. Petroli za 3RZ-FE, 2TR-FE na 1GR-FE, pamoja na dizeli ya 1GD-FTV iliyoanza kutumika mwaka 2015, zina cheni. Injini ya 1HZ ya lita 4.2, inayojulikana sana katika Land Cruiser za mashirika na za safari, ina mkanda.

Muda wa kubadilisha ni kilomita 100,000 kwa injini nyingi za zamani na 150,000 kwa baadhi ya 1KD-FTV. Mpira huzeeka hata gari likisimama, kwa hiyo umri nao huhesabiwa. Toyota nyingi za dizeli zina taa iliyoandikwa T-BELT kwenye dashibodi inayowaka muda ukifika. Taa hiyo hufuata kihesabu kilomita tu. Haijui kama mkanda umebadilishwa, na katika gari lililochezewa kihesabu haina maana yoyote. Bila stika au risiti inayoaminika, mkanda hubadilishwa. Pampu ya maji na beringi za kukazia mkanda hubadilishwa wakati huohuo, maana kazi ya kuzifikia ni ileile.

Upoozaji wa injini

Injini ya 1KZ-TE ina sifa mbaya moja: silinda hedi yake hupasuka ikipata joto kupita kiasi. Wengi wanaouza J90 kwa bei ya kutupa wanaijua sifa hiyo. Ukaguzi huanza injini ikiwa baridi, kwa kufungua kifuniko cha rejeta. Maji yenye kutu yanaonyesha kwamba gari limejazwa maji ya bomba kwa miaka. Utando wa mafuta au mapovu yasiyokoma injini inapowaka yanaonyesha kwamba gesi ya silinda inavuja kuingia kwenye maji.

Maji ya kupozea yenye dawa, ambayo mafundi huyaita kulanti, kazi yake katika nchi za joto si kuzuia barafu. Huzuia kutu, hulainisha pampu na huinua kiwango cha kuchemka. Kifuniko cha rejeta nacho ni sehemu ya mfumo. Jijini Nairobi, kwenye takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi. Kifuniko kizima hushikilia shinikizo na kusogeza kiwango hicho juu kwa nyuzi karibu 20. Kifuniko kilicholegea, kipuri cha bei ndogo kuliko vyote vilivyotajwa hapa, kinatosha kuchemsha injini mlimani.

Kuna desturi ya gereji nyingi za Afrika Mashariki inayostahili kutajwa: kuondoa themostati na kuitupa, kwa hoja kwamba "nchi yetu ni ya joto". Injini isiyo na themostati huchelewa kupata joto lake la kazi, hutumia mafuta zaidi na hulika upesi. Katika injini nyingi za Toyota hali ni mbaya zaidi. Themostati yake ina vali ya pili inayofunga njia fupi ya maji injini inapopata joto. Ikiondolewa, njia hiyo hubaki wazi daima, sehemu ya maji huzunguka ndani ya injini bila kupita kwenye rejeta, na gari linaweza kuchemka zaidi kuliko awali. Kwa sababu hiyo mnunuzi huomba nyumba ya themostati ifunguliwe ili kuhakikisha kwamba ndani yake kuna kitu.

Nozeli za 1KD-FTV

Injini hii ya kompyuta ilitumika katika J120 na ina udhaifu wake. Katika zile za miaka ya mwanzo, washa za shaba chini ya nozeli huvuja. Gesi ya moto hupanda kwenye kifuniko cha vali na kuichoma oili, ambayo hugeuka masizi mazito. Masizi hushuka hadi kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili. Kinachofuata ni taa ya oili kuwaka na beringi za krenki kuungua, mara nyingi safarini na bila onyo la muda mrefu.

Kwa mnunuzi wa J120 ya dizeli, kufungua sampu na kutazama chujio ni kazi ya nusu siku inayoweza kuokoa injini. Chujio likiwa na uji mweusi, nozeli hutolewa na washa kubadilishwa. Kusafisha chujio peke yake ni kuahirisha tatizo.

Magurudumu ya mbele na breki

Katika J90, kama ilivyo katika Hilux Surf ya wakati huo, boli jointi ya chini hubeba uzito kwa kuvutwa badala ya kusukumwa. Boli jointi ni kiungo cha duara kinachoshika gurudumu la mbele kwenye mkono wa chini. Kikilika mno hutoka kwenye kikombe chake, gurudumu hulala ubavu chini ya gari, na dereva hana tena usukani. Hili limetokea kwa magari mengi ya aina hiyo. Mpira uliochanika au mchezo wowote unaoonekana mtu akikitikisa kwa mtaimbo ni sababu ya kubadilisha, na katika gari lisilojulikana historia yake ni busara kubadilisha hata bila dalili. Kipuri hiki hakifai kununuliwa kwa kutazama bei. Maboksi yenye nembo bandia yamejaa madukani, na tofauti haionekani mpaka chuma kikatike.

Bushi, tairodi na beringi za magurudumu hukaguliwa gari likiwa limeinuliwa na kuwekwa juu ya stendi, si juu ya jeki pekee. Baada ya kazi yoyote ya mbele gari hupelekwa kufanyiwa alaimenti. Propela na krosi zake hupigwa grisi kupitia niplo mpaka grisi mpya itokeze. Zilizokaa bila grisi hujulikana kwa mlio wa "tiki" gari linapoanza kuondoka.

Baadhi ya J120 za daraja la juu zina springi za hewa nyuma badala ya chuma. Mipira yake huchoka na kupasuka, na gari huamka asubuhi likiwa limekaa chini nyuma. Wamiliki wengi huweka springi za chuma badala yake. Uamuzi huo una mantiki kwa anayeishi mbali na mji.

Mfumo wa magurudumu manne

Prado zilizouzwa Japani huendesha magurudumu yote manne wakati wote, zikiwa na difu ya kati inayoweza kufungwa. Wamiliki wa mjini huko hukaa miaka bila kugusa lever ya pili, na mota ndogo inayofunga difu ya kati hugandamana. Mnunuzi hutafuta njia ya udongo au mchanga, hufunga difu ya kati, hupita gia nzito na kurudi, akitazama taa za dashibodi. Zoezi hili halifanywi kwenye lami kavu, kwa sababu magurudumu hayawezi kuteleza na mzigo wote huenda kwenye shafti na gia. Baadaye hurudiwa mara moja kwa mwezi ili sehemu hizo zisigande tena.

Matairi

Tairi lina tarehe yake ya kutengenezwa ubavuni, tarakimu nne za mwisho baada ya herufi DOT. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Watengenezaji wengi hushauri tairi lisitumike baada ya miaka 10 hata kama meno yake bado ni marefu. Matairi yaliyokuja na gari kutoka Japani mara nyingi ni mazuri kwa macho na mazee kwa umri, na mengine ni ya theluji, yenye mpira laini unaoisha haraka kwenye lami ya moto. Kwa gari linaloendesha magurudumu yote wakati wote, manne yote huwa ya ukubwa na ulikaji unaolingana. Vinginevyo difu ya kati hufanya kazi bila kupumzika.

Tairi ni uboreshaji wa kwanza wenye faida halisi. Aina ya A/T hufaa kwa mtu anayeendesha lami na vumbi kwa kiasi kinacholingana. M/T, yenye meno makubwa, hushika vizuri kwenye tope lakini hupiga kelele na huhitaji umbali mrefu zaidi kusimama kwenye lami yenye maji. Kuongeza ukubwa kuna hesabu yake. J120 nyingi hutumia 265/65R17, yenye kipenyo cha milimita 776. Ikibadilishwa na 265/70R17, kipenyo huwa 803. Gari hupanda milimita 13 tu, ilhali spidi inayosomeka 100 huwa 103 na zaidi, na kihesabu kilomita hupungukiwa kwa kiwango hichohicho.

Jambo linaloongeza uwezo mchangani kuliko matairi makubwa ni kupunguza upepo. Kushusha hadi takriban psi 15–18 hurefusha sehemu ya tairi inayokanyaga, na gari lililokuwa likichimba hupanda juu ya mchanga. Baada ya hapo upepo hurudishwa kabla ya mwendo wa kasi, kwa kuwa tairi laini hupata joto na kupasuka. Kwa hiyo geji na pampu ndogo ya umeme vina thamani kuliko mapambo yote ya nje.

Kuinua gari

Springi na shokapu mpya zinahitajika katika gari nyingi za umri huu, na wanunuzi wengi huchukua nafasi hiyo kuinua gari. Milimita 40 hadi 50 huvumilika. Zaidi ya hapo pembe za shafti za mbele huwa kali na mipira yake hupasuka, alaimenti hushindikana bila mikono mipya ya juu, na kitovu cha uzito hupanda, hivyo gari hupinduka kirahisi zaidi likikwepa ng'ombe barabarani.

Athari moja haitajwi madukani. Magari mengi ya zamani yana vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa mkono mdogo. Mwili wa gari ukishuka kwa mzigo, vali huongeza nguvu ya breki za nyuma. Gari likiinuliwa, vali hudhani gari ni tupu na hupunguza breki za nyuma hata likiwa limejaa. Mkono huo lazima urekebishwe kulingana na kimo kipya.

Springi huchaguliwa kwa uzito gari linaobeba siku zote. Bampa la chuma, winchi, keria, hema la juu na madumu huongezeka kidogokidogo. Lita 40 za dizeli pekee ni kilo 34 bila dumu. Mzigo wa juu ya paa ndio mbaya zaidi, na kiwango chake kwenye kitabu cha gari, ambacho kwa magari mengi hakizidi kilo 100 hivi, huhesabu pia uzito wa keria yenyewe.

Maji na snokeli

Snokeli huinua mdomo wa kuvutia hewa hadi usawa wa paa. Faida yake kubwa kwa wengi ni hewa yenye vumbi kidogo. Maji yakiingia silindani hayabanwi kama hewa, na mikono ya pistoni hupinda papo hapo. Lakini snokeli iliyofungwa bila kuziba kila kiungo kwa makini ni pambo tu.

Wanaofunga snokeli husahau difu. Kila difu na giaboksi ina mrija mdogo wa kupumulia. Gari lililotembea saa nzima likiingia mtoni, difu yenye joto hupoa ghafla, hewa ya ndani husinyaa, na kama mrija umeziba au mdomo wake uko chini, maji huvutwa kupitia sili. Kurefusha mirija hiyo hadi chumba cha injini kwa mpira wa bei ndogo ni kazi ya mchana mmoja. Ikiwa gari tayari limevuka maji marefu, oili za difu hufunguliwa kutazamwa siku chache baadaye.

Kuvuta na kuvutwa

Gari lililosafirishwa kwa meli huwa na kulabu nyembamba chini yake, zilizowekwa kwa ajili ya kulifunga lisisogee safarini. Si za kuvutia gari lililokwama. Kulabu hizo hukatika na kuruka kama risasi. Hatari zaidi ni kufunga kamba kwenye mpira wa kukokotea trela: umewahi kung'oka, kupenya kioo na kuua watu katika nchi mbalimbali. Mahali pa kuvutia ni pale palipofungwa kwa bolti kwenye chasisi na kutajwa uzito wake, mbele na nyuma, na shakeli zake huwa na kiwango kilichochapwa juu yake. Sehemu hizo hufungwa kabla ya kununua winchi. Asiyesafiri peke yake mara nyingi hugundua kwamba sepetu, kamba nzuri na gari la pili vinamtosha.

Taa na umeme

Taa za ziada huhitaji relei, fyuzi karibu na betri na waya wa unene sahihi. Balbu za LED zilizopachikwa kwenye taa zilizoundwa kwa halojeni hutawanya mwanga na kuwapofusha wanaokuja, ingawa dereva mwenyewe huona "zinamulika". Taa za Japani hupinda kuelekea kushoto, ukingoni mwa barabara, hivyo zinafaa Kenya, Tanzania na Uganda bila mabadiliko. Katika nchi zinazoendesha kulia huwamulika wanaokuja machoni na hubidi zibadilishwe. Waya za alama za wizi na vifaa vya kufuatilia gari vilivyofungwa na wamiliki waliopita hufuatiliwa hadi mwisho wake, kwa kuwa chanzo cha betri kuisha usiku mara nyingi huwa hapo.

Redio ya Kijapani hupokea FM kuanzia megahezi 76 hadi 90, au 95 kwa mpya, na stesheni nyingi za Afrika Mashariki ziko juu ya hapo. Kifaa kidogo cha kuongeza masafa huunganishwa kwenye waya wa antena, na huu huenda ndio uboreshaji wa bei nafuu kuliko wote katika gari zima.